Muziki Unapoifukuza Hofu: Utatuzi kwa Waandishi na Wasimulizi wa Gemu za Anga za Giza

Jumamosi baada ya swala ya Isha tunakutana nyumbani kwetu Shela, Shela hii ya Malindi, si ile ya Lamu. Tunakuwa watano, pengine sita, juu ya mkeka. Dele la kahawa liko katikati, na karatasi za wahusika zimekandamizwa kwa vikombe zisipeperushwe na pangaboi. Mmoja ni msimulizi. Waliobaki kila mtu ana mhusika wake, na dadu ndizo zinazoamua nani atapona. Kwa asiyezijua, hizi ndizo gemu za uhusika: hadithi inayotungwa kwa mdomo, papo kwa papo, bila skrini. Sisi tumezama katika zile za sayansi zilizo upande wa giza. Chombo kimepotea angani, kituo hakijibu redio, mashine imeambiwa izime nayo haizimi.

Mbegu ya hadithi hizo tunayo mlangoni. Ukienda kaskazini mwa mji hadi Ngomeni, huko baharini ndiko Waitaliano walikosimika majukwaa yao ya kurushia roketi, San Marco na Santa Rita. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, jukwaa la San Marco lilirusha setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kutafuta eksirei zitokazo angani. Vipimo vyake viliwasaidia sana wanasayansi kuamini kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi, yaani mahali penye mvutano mkubwa hata nuru haiwezi kutoka. Marusho yalikoma mwaka 1988. Mkasa ninaouendesha sasa unatokea kwenye jukwaa la namna hiyo, miaka mia mbili ijayo, na waliomo wamesahau ni nani aliyewatuma.

Kikao kikiharibika, watu hulaumu hadithi. Mimi huanza na spika. Mara nyingi hadithi ni nzima, ila kuna kitu kinavuma pembeni kinachoivuta nguo. Msimamo wangu ni kwamba muziki wa gemu ni mahali. Uchague kama unavyochagua chumba cha kumweka mgeni: kina joto au baridi, dari iko juu au chini, kuna mlango wa pili au hakuna. Ukiuchagua kama wimbo, kwa sababu ni mtamu, utagombana nao usiku kucha. Nitayapitia matatizo kama yanavyojitokeza, kwanza ya mwandishi aliye peke yake, kisha ya mezani.

Unaandika, saa inapita, ukurasa hauna kitu

Angalia kwanza kama muziki una maneno. Mtu aliyelelewa pwani hawezi kuisikiliza taarab nusunusu. Fumbo likiimbwa, akili inaanza kulifumbua: anasemwa nani hapa? Kalamu inangoja. Ndivyo ushairi wetu ulivyofumwa, unamtaka msikilizaji mzima. Kuandika nako kunatumia ile sauti ya ndani inayoyatamka maneno kabla hayajafika karatasini, kwa hiyo maneno ya mwimbaji na maneno yako yanagombea mlango mmoja.

Wengi hudhani tiba ni kuhamia nyimbo za lugha wasiyoielewa. Inapunguza, haiponyi. Tangu miaka ya 1970 majaribio ya kumbukumbu ya muda mfupi yameonyesha kwamba sauti ya mtu anayesema humvuruga anayejaribu kushika mambo kichwani hata kama lugha ni ngeni kwake. Kwaya ya Kilatini inayoimba ndani ya pango ni nzuri, lakini bado ni midomo ya watu.

Jipime hivi. Andika dakika kumi, zima muziki, halafu jaribu kuuimba kimoyomoyo. Ukiweza kuimba hata kipande kidogo, basi ulikuwa unasikiliza, hukuwa unaandika. Ninachotumia mimi ni mvumo: noti moja au mbili zilizovutwa kwa muda mrefu, hakuna ngoma, hakuna mdomo, hakuna pa kungojea. Na ninapoandika mazungumzo ya wahusika siweki chochote. Nafungua dirisha, bahari inatosha.

Usiku ulitetemeka, asubuhi husikii kitu

Hili ndilo linalowakatisha tamaa wanaoanza kutunga mikasa, na mimi lilinichukua muda mrefu kulitambua. Usiku unaandika mhusika anaingia kwenye chumba cha chakula cha chombo kilichopotea. Vinyweleo vinakusimama. Unalala ukiwa na furaha. Asubuhi unafungua daftari na kukuta: “Mlango ulifunguka taratibu. Ndani kulikuwa na giza la kutisha.” Basi. Hakuna kingine.

Kilichokutisha usiku hakikuwa karatasini, kilikuwa masikioni. Fidla ziliingia kwa kishindo pale pale ulipoandika neno “giza”, ukaamini ni neno lililokutikisa. Muziki uliotungwa kwa filamu, hasa ule wa vilele, kazi yake ni kumwambia mtazamaji ahisi nini na ahisi lini. Ukiandika nao, unakufanyia kazi ambayo ilikuwa ya sentensi zako, na mchezaji atakayesomewa sentensi hizo hatakuwa na fidla.

Siku moja nilikaa na mistari hiyo miwili ya mlango na giza, nimezima kila kitu, jua la saa sita linapiga barazani na bodaboda zinapita. Nikajiuliza: mtu akiingia mle chumbani, macho yake yataanguka wapi? Mezani. Kuna nini mezani? Nikaandika upya: “Taa iliwaka yenyewe. Mezani palikuwa na vikombe sita. Wafanyakazi waliosajiliwa walikuwa watano. Kikombe cha sita kilikuwa bado kinatoa mvuke.” Nilipoisoma mbele ya wenzangu Jumamosi ile, spika ilikuwa imezimwa, na mmoja wao alikiweka kikombe chake chini bila kunywa.

Kwa hiyo rasimu iandikwe na mvumo usiokuwa na kilele, au kimya. Kuisoma, isomwe mchana, kwa sauti, penye kelele za kawaida za mtaa. Sentensi inayobaki na baridi yake hapo, ipeleke mezani. Iliyopoa, iandike upya, wala usiitafutie muziki mkali zaidi.

Kuna aina ndogo ya tatizo hili: kila tukio ulilotunga lina kasi moja. Chanzo ni kuandika wiki nzima na orodha moja ya muziki. Badilisha chumba, na mwandiko utabadilika.

“Umesemaje?”

Sasa tuko mezani. Mchezaji akiuliza “umesemaje?” mara mbili ndani ya dakika tano, usipaze sauti. Msimulizi anayepaza sauti amepoteza mnong'ono wake, na hadithi za giza zinakula na kulala kwenye mnong'ono.

Simu za zamani zilibeba sauti kuanzia takriban Hz 300 hadi Hz 3,400 tu (Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), na watu walielewana vizuri, maana sehemu kubwa ya kinachofanya maneno yaeleweke imo humo. Spika ndogo za bluetooth haziwezi kuitoa besi ya chini kabisa. Ule mvumo mzito uliokutetemesha kwenye hedifoni unafika mezani umenyolewa miguu, na kilichobaki kinakaa pale pale maneno yako yanapokaa. Unadhani umeweka muziki wa chini. Kumbe umemweka mtu wa pili anayeongea nawe sambamba.

Halafu kuna chumba chenyewe. Sebule yetu ina kuta za matumbawe zilizopigwa lipu na sakafu ya saruji, na sauti hurudi kama mpira. Chini ya makuti ni kinyume, sauti hupanda na kupotea. Mwaka jana tulicheza wiki kadhaa bandani kwa mjomba wangu, ambako paa ni makuti matupu, tukawa tunapandisha muziki kidogo kidogo kila kikao. Tuliporudi ndani hatukukumbuka kuushusha. Nusu saa nzima watu walikuwa wakijibizana kama wako sokoni, na mimi nilidhani wamechangamkia hadithi.

Iondoe spika mezani. Iweke nyuma ya wachezaji, mbali na kinywa chako, ielekee kwenye pazia au lundo la mito. Kisha kaa mahali pa mchezaji aliye mbali zaidi, mwombe mwenzako anong'one kutoka kwenye nafasi yako, na ushushe muziki mpaka kila silabi ifike. Utaona umeshuka chini kuliko ulivyotegemea. Kama programu yako ya muziki ina kisawazisha sauti, punguza masafa ya katikati uyaachie maneno nafasi. Na kama kuna mwenzenu asiyesikia vizuri, muulize yeye kwanza. Akisema bora pasiwe na muziki, pasiwe. Kikao bila muziki ni kikao kamili.

Hofu haiji kabisa, wanacheka

Muziki huo wana kumbukumbu nao. Hilo tu.

Nilipoanza, niliamini kwamba zumari ikipunguzwa mwendo ingekuwa sauti ya kiumbe kisicho binadamu. Kwa mtu ambaye hajawahi kuisikia, huenda. Nilipoiwasha, wachezaji walitazamana, na kutoka jikoni shangazi yake mwenzetu akapiga kigelegele. Zumari hapa ni harusi, ni chakacha, ni bwana harusi anakaribia. Hakuna upunguzaji mwendo utakaolitoa hilo kwenye damu ya watu. Vilevile muziki wa filamu wanayoijua: ukiuwasha, wanaacha kukiona chombo chako wanaiona ile filamu, mwisho wake wameshaujua.

Kuna mpaka ambao siuvuki, na naomba wenzangu wa pwani wasiuvuke. Adhana, kisomo cha Qur'ani, dhikiri, kasida, nyimbo za kanisani, ngoma za matanga: hivyo si vitu vya kumtishia mtu mezani, hata uvigeuze vipi. Aliyezikwa mama yake wiki iliyopita anaweza kuwa amekaa mbele yako akitupa dadu. Siwa nayo sijaigusa. Zile pembe za Pate na Lamu zilipigwa kwa heshima ya miji, na heshima hiyo nimeiacha pale ilipo.

Lakini kumbukumbu hiyo hiyo inaweza kukutumikia. Kila mtoto wa Kiswahili anajua kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Sikutumia mbiu halisi. Nilipuliza kwenye kipande cha bomba la plastiki la maji, nikairekodi sauti kwa simu, nikaipunguza mwendo. Inatoka kama kitu kinachoita kutoka mbali sana, noti moja, kisha inakatika. Naipiga mara moja tu katika kikao, pale kituo kinapoamka. Hakuna aliyewahi kuniuliza maana yake. Wanakaa wima wote.

Inaanza vizuri, inakufa dakika ya arobaini

Hapa muziki ni sahihi, sauti iko chini, watu wameingia, na bado katikati ya kikao mtu anachungulia simu. Sikio limezoea. Sauti isiyobadilika hugeuka ukuta, na mtu hauoni ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Wasimulizi wengi hapo huongeza nguvu: kitu kikali zaidi, kwa sauti zaidi. Sikio linazoea na hicho. Ukifika mwisho wa hadithi huna tena pa kupanda.

Tiba nilifundishwa na kukatika kwa stima.

Ilikuwa majira ya masika, mvua imeshapita, dirisha limefungwa. Binamu yangu alikuwa na mhusika aliye peke yake chini kabisa ya jukwaa, kwenye chumba cha pampu. Mvumo wangu ulikuwa umecheza nusu saa na hakuna aliyeusikia tena. Taa zikazima. Pangaboi likapunguza mwendo, likalia kidogo kwenye mhimili wake, mizunguko mitatu, miwili, likasimama. Spika ilikuwa ya betri, kwa hiyo mvumo uliendelea peke yake gizani, na wote tukausikia kwa mara ya kwanza usiku ule. Nikanyoosha mkono nikauzima. Sikusema kitu. Jasho lilianza kunitoka shingoni. Baada ya muda binamu yangu aliuliza, polepole, kwa sauti ya mhusika wake:

“Kaka, hewa bado inatembea humu?”

Swali lake lilikuwa na ukweli kuliko alivyojua. Ndani ya chombo kinachoelea bila uzito, hewa ya joto haipandi juu kama hapa duniani. Bila feni ya kuisukuma, hewa anayoitoa mtu aliyelala inaweza kukusanyika mbele ya uso wake, naye akaivuta tena. Ndiyo maana kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga feni zinavuma mchana na usiku. Kelele ile ndiyo dalili kwamba watu wanaishi. Mtu wa angani hatishwi na mlio. Anatishwa na mlio uliokoma.

Tangu usiku ule, sehemu kubwa ya vikao vyangu haina muziki kwa maana ya kawaida. Nina rekodi ya feni, ya chini, isiyokera. Naiwasha kahawa inapomiminwa, kabla hadithi haijaanza, ili iingie masikioni kama sehemu ya nyumba. Naiacha nusu saa au zaidi. Wakati hadithi inapoidai, naikata. Siifishi taratibu, naikata, kisha nahesabu moyoni hadi ishirini kabla ya kufungua mdomo. Hesabu kweli; msimulizi mwenye kiherehere huona ishirini ni mwaka, akavunja kimya kwenye sita. Kimya kikifika kama kumi na mbili, wachezaji wanaanza kusikia vitu vyao wenyewe: friji ya jirani, mbwa wa Barani, mtu anayekohoa mtaani. Wanajiundia hofu kwa mali yao. Nafanya hivyo mara moja kwa kikao, mara mbili kwa shida sana.

Wachezaji wanajua kabla hujasema

Kama kila kiumbe anapotokea muziki hubadilika sekunde kumi kabla, utaona silaha zinachomolewa bila sababu. Umewafundisha mwenyewe. Badilisha muziki wakati usio na maana: watu wanapojaza kahawa, wanapohesabu risasi, wanapobishana mlango upi wa kupita. Mara moja moja badilisha na kusitokee lolote. Sauti tatu kwa kikao kizima zinatosha, moja ya mahali penye usalama, moja ya njia, moja ya pale pasipofaa kuwa na mtu. Ukiwa na ishirini, utakuwa unatafuta wimbo wakati mwenzako anakufa.

Na uangalie mkono wako. Binamu yangu huyo huyo alikuwa ananisoma kwa mkono unavyoiendea simu, hata kabla ya sauti kubadilika. Sasa simu inakaa gotini mwangu tangu mwanzo, na naigusa mara kwa mara pasipo sababu yoyote.

Tangazo la sabuni katikati ya kifo

Pakua sauti zote mapema, usitegemee bando wala mtandao wa usiku. Weka simu katika hali ya ndegeni kisha uwashe bluetooth peke yake, ujumbe wa kikundi cha familia usije ukalia juu ya maiti. Chaji spika alasiri. Sauti inayorudiwa ikisikika pengo kila inapoanza upya, mara nyingi kosa ni faili ya MP3, ambayo huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni. Tumia WAV, au tengeneza faili moja ya saa nzima.

Sauti za nje zinaingia ndani

Malindi si studio. Miezi ya kusi upepo na mawimbi hufunika nusu ya mvumo wowote wa chini, na usijaribu kushindana navyo. Kama hadithi iko baharini, kama hii yangu ya jukwaa, fungua madirisha uache bahari ifanye kazi. Hakuna rekodi itakayoizidi. Kama hadithi iko angani, funga, weka taulo chini ya mlango, na utumie sauti nyembamba kiasi, zilizo juu ya ngurumo ya mawimbi, zisizogusa maneno yako. Kaskazi ikitulia unaweza kutumia chochote.

Tunaanza baada ya Isha kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba adhana haitukuti katikati. Ikitokea tumechelewa kumaliza alasiri, au tunacheza mchana, muziki unazimwa inapoanza na hadithi inasimama. Jirani akiwa na harusi, ahirisha. Nilijaribu kuendesha chombo kilichokufa huku ukutani kunapigwa vugo, na ninaheshimu juhudi za wachezaji wangu usiku ule, lakini hapakuwa na la kufanya.

Huupati muziki unaofaa

Pengine unautafuta mahali pa muziki. Jaribu kutafuta mahali pa sauti.

Shirika la anga la Marekani, NASA, limeweka wazi rekodi nyingi, na kwa kawaida hazina vikwazo vya hakimiliki. Chombo cha Perseverance kilitua Mars mwaka 2021 kikiwa na maikrofoni, na upepo wa sayari ile unaweza kuusikiliza leo: mwembamba, wa mbali, kama mtu anapumua nyuma ya kanga. Mwaka 2022 walitoa sauti inayotokana na kundi la galaksi la Perseus. Mawimbi ya shinikizo yanayosukumwa na shimo jeusi lililoko katikati ya kundi lile yalikuwa yameshatambuliwa mwaka 2003, lakini noti yake iko chini mno kwa sikio la mwanadamu, ikabidi ipandishwe oktavu 57 na 58 (kila oktavu ni kuzidisha mitetemo mara mbili) ndipo isikike. Mimi nimeiweka chini ya kikao kizima kimoja, kwa sauti ndogo sana. Hapa petu, ambapo setilaiti ya kwanza ya kutafuta eksirei za nyota ilipaa, niliona inafaa isikike.

Kwa sauti za ndani ya chombo, rekodi mwenyewe. Kanuni ni nyepesi: ukipunguza mwendo wa rekodi kwa nusu, sauti inashuka oktavu moja, ukiupunguza tena kwa nusu, oktavu mbili. Alfajiri moja nilisimama mbele ya duka la mtaani, mwenye duka akifungua mlango wake wa mabati wa kukunja. Kwa masikio ya kawaida ni mkwaruzo wa sekunde nne. Nilipoipunguza mara mbili ikawa sekunde kumi na sita, na ndani yake kuna mguno, kisha minyororo, kisha kitu kizito kinaegemea. Huo ndio mlango mkuu wa jukwaa langu. Nimerekodi pia kamba za mashua zikivutana gatini, friji la zamani linapojizima, na maji yakidondoka ndani ya mtungi mtupu. Shikilia simu karibu sana na kitu chenyewe, na geuza mgongo kwa upepo. Faida nyingine ya sauti hizi ni kwamba ukitaka kuweka rekodi ya kikao mtandaoni siku moja, hakuna atakayekudai hakimiliki.

Mchezaji mmoja anaumia

Sauti nzito isiyokoma huwapa wengine maumivu ya kichwa au kichefuchefu, na mlio wa moyo unaodunda humkera vibaya mtu mwenye wasiwasi. Uliza kabla, faraghani. Akikwambia, itoe sauti hiyo moja kwa moja, bila kumtaja mbele ya wenzake.

Kikao kimekwisha, hofu imebaki sebuleni

Hili nililipuuza mwanzoni. Ukizima kila kitu ghafla na kusema “haya, usiku mwema,” unawaacha watu ndani ya chumba ulichokijenga, na wengine wanakwenda nacho nyumbani. Sasa nafungua madirisha kwanza, nawasha taa kubwa, halafu naweka taarab ya udi, ile ala ya nyuzi, yenye mashairi ya mapenzi na mafumbo yote ambayo niliyakataza wakati wa kuandika. Kahawa ya mwisho inamiminwa, kashata zinazungushwa, watu wanabishana nani aliufungua ule mlango. Mwenzetu mmoja anakaa Barani na anatembea peke yake usiku hadi kwake. Tunaongea mpaka yeye aseme inatosha.